Riad Yima, Marrakech: picha za Hassan Hajjaj

Ukifika Marrakech, usiikose Riad Yima. Iko ndani ya mji wa kale, karibu na uwanja wa soko wa Rahba Kedima. Vichochoro vya huko vinapoteza watu, kwa hiyo ulizia kwa wenye maduka. Ni duka, mkahawa wa chai na jumba la picha kwa pamoja, mali ya msanii Hassan Hajjaj, aliyezaliwa Larache mwaka 1961 na kuhamia London akiwa mdogo.

Unakalia kreti za soda zilizowekewa mito, unakunywa chai ya nanaa, na ukutani wanakutazama wanawake wa ’Kesh Angels, mfululizo wa picha za Hajjaj: wapaka hina wa Marrakech, wako juu ya pikipiki, wamevaa nikabu na majuba yenye nembo za kampuni kubwa za Magharibi, nyingi zikiwa feki za sokoni. Mgeni wa Ulaya hustaajabia nikabu na pikipiki kwa pamoja. Mwenyeji anaona jirani anayewahi kazini.

Mimi navaa buibui, na nimeishi Ulaya. Lile jicho la huruma ndani ya treni, la mtu aliyeshaamua kwamba nimefungwa, nalijua vizuri. Wanawake hawa hawamwachii mtu nafasi ya kuwahurumia. Nilifurahi mno, na nilitamani binti zangu wangekuwepo.

Fremu ndizo zilizonishika zaidi. Hajjaj huzijaza bidhaa halisi, makopo ya soda au ya nyanya, yaliyopangwa kwa kurudiarudia. Kwa mbali unadhani ni vigae vya msikitini, ukisogea unakutana na matangazo ya biashara. Mwenyewe amesimulia kuwa wazo lilimjia miaka ya 1990, alipokuwa akisaidia upigaji picha za mitindo hapo Marrakech: nguo, mpiga picha na wanamitindo wote walitoka nje, na Morocco ikabaki pazia la nyuma tu. Ukilijua hilo, kila kopo unalitazama upya.

Picha zake za watu mashuhuri hazikunigusa hivyo. Rangi ni zilezile, lakini watu hao tumeshawazoea kwenye magazeti.

Asiyeweza kufika Morocco, kazi zake zimo katika makusanyo ya makumbusho ya Victoria and Albert (V&A) na British Museum, London, na Brooklyn Museum, New York. Uliza kwanza kama zimetundikwa.