Skripti ya pleilisti: laptop yako au GitHub Actions?

Oya wakuu, kijana wangu ana kibanda cha kunyoa pale Mwanjelwa, anataka pleilisti ya Spotify ijibadilishe yenyewe kila alfajiri. Skripti ya Python ipo, ishu ni iishi wapi.

Kwenye laptop unaweka kron (programu ya kuendesha kazi kwa ratiba), mstari mmoja tu `0 5 * * *` (dakika 0, saa 5 ya kizungu, kila siku), saa kumi na moja alfajiri inajirusha. Bure, siri zako unakaa nazo mwenyewe, ikigoma unaona eror hapohapo. Ila nani anaacha laptop inawaka usiku kucha, na umeme ukikatika muda ule kron hairudii tena, imepita imepita, labda uweke anacron, hiyo hufidia kazi iliyopitwa mashine ikiwaka tena. Mi Julai hii na baridi la Uyole siamki kuangalia mashine bana.

GitHub Actions (seva za GitHub zinaendesha skripti yako) inakimbia hata umelala, ila saa zake ni UTC (saa ya kimataifa), kwenye yetu toa 3, kwahiyo saa kumi na moja yetu unaandika `0 2 * * *`, mi niliandika 5 nyimbo zikabadilika saa mbili asubuhi mteja kashakaa kwenye kiti 😂. Inaweza pia kuchelewa kidogo, na ripo ya wazi (folda ya kodi yako GitHub inayoonekana na wote) ikikaa siku 60 bila kuguswa ratiba inazimwa. Tokeni ya Spotify (kibali cha skripti kuingia kwenye akaunti) inaisha baada ya saa 1 popote pale, so hifadhi refreshi tokeni (ya kuombea tokeni mpya) kwenye Secrets, sehemu ya siri ya GitHub, usiiandike ndani ya kodi.

Dogo nimemwekea Actions.