Kifaa kipi ununue kupima koili, kapasita na antena

Fundi mwenzangu, kabla hujashuka Kariakoo na hela mfukoni, jua kwanza: hicho unachotaka kupima kinafanya kazi kwenye masafa gani? Koili inayosoma vizuri kwenye kilohezi 100 inaweza kubadilika tabia kabisa kwenye megahezi 100, maana kati ya mzunguko mmoja wa waya na wa pili pana kapasita ndogo iliyojificha. Ndiyo maana nakipa nafasi ya juu kifaa kinachopima pale pale kazi inapofanyika.

Namba moja kwangu ni NanoVNA-H4, kifaa kidogo cha mkononi kinachoonyesha antena au koili inavyoitikia masafa mbalimbali. Ina kioo cha inchi 4 na inafika gigahezi 1.5. Ndani mna daraja la risista, yaani saketi inayolinganisha unachopima na omu 50, kazi ambayo zamani ulikaa mezani ukaijenga mwenyewe. Antena ya FM, au ya redio ya boti kwenye chaneli 16, megahezi 156.8, unaona imeangukia masafa gani ndani ya sekunde chache. Ila usikubali kuharakishwa dukani. Chukua ile lodi ya omu 50 (kipande chenye risista ndani) ya kusawazishia kifaa, weka multimita kati ya pini na ganda lake. Niliwahi kuuziwa iliyosoma omu 58, nikashinda wiki nzima nakata antena isiyo na kosa lolote. Na hiyo NanoVNA usiichomeke kamwe kwenye redio inayorusha, utaiunguza.

Namba mbili ni osiloskopu, jenereta ya mawimbi na daraja la risista tatu za omu 50 na ringi ya feraiti. Kama osiloskopu unayo tayari, anzia hapa, kwa sababu utaliona wimbi lenyewe, safi au limechafuka. Kumbuka tu kwamba osiloskopu iliyoandikwa megahezi 50, ukiipa wimbi la megahezi 50, inakuonyesha kama asilimia 70 ya kimo chake.

Probu, ule waya wa kupimia wa osiloskopu, nayo ina mambo yake. Koili ya maikrohenri 10 na kapasita ya pikofaradi 100 huitikia kwenye megahezi 5.03. Igusishe probu yenye pikofaradi 12, mwitikio unashuka hadi 4.76, nawe unaanza kupunguza mizunguko ya koili iliyokuwa sawa. Unganisha probu kupitia kapasita ya pikofaradi 1 hivi. Wimbi litakuwa dogo lakini la kweli.

Tatu, mita ya LCR, yaani ya kupima koili, kapasita na risista, kama DE-5000, inayopima kuanzia hezi 100 hadi kilohezi 100. Kwa chaja na inveta ni nzuri sana. Kwa koili za redio inakupa pa kuanzia tu.

Vile vipimaji vidogo vya kutambua transista naviweka mwisho. Koili ya FM yenye mizunguko mitano, kwavyo, ni kipande cha waya.