Darasa la Kiingereza la jioni Nyegezi: nendeni, ila kaeni mbele

Kwa mnaoniuliza kuhusu lile darasa la ghorofani karibu na stendi ya Nyegezi, hapa Mwanza: nendeni. Ada ni shilingi 40,000 kwa mwezi, jioni tatu kwa wiki. Wengi mle ni wanachuo wenzangu wanaokaa Malimbe, waliosoma msingi kwa Kiswahili halafu kidato cha kwanza wakakuta hata baiolojia ni Kiingereza.

Thamani ya hela yangu naiona kwenye daftari la makosa. Kila mwanafunzi ana lake, na kosa halikatwi kwa wino mwekundu tu, linaulizwa limetoka wapi. Dada mmoja alikuwa anamsimulia mama yake, akasema "he is a nurse at Bugando". Hakuna aliyecheka. Sisi "yeye" yetu ni moja kwa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo ulimi ukiwa mbioni unadaka kilicho karibu. Lakini aliyeandika "he teached us" Kiswahili hakimhusu kabisa! Huyo kanuni ya -ed anaijua, kaivisha tu kitenzi kisichoitaka, na watoto wa Kiingereza wenyewe hupita hapohapo.

Mwalimu anasema hiki tunachoongea ni lugha ya katikati: Kiswahili kimeachwa, Kiingereza hakijafikiwa, na njiani humo kuna kanuni zinazobadilika kadiri mtu anavyojifunza. Alitutajia wanaisimu wawili: S. P. Corder, aliyeandika mwaka 1967 kwamba makosa ya mwanafunzi yanaonyesha amefika wapi, na Larry Selinker, ambaye makala yake ya 1972 ndiyo iliyoipa dhana hii umaarufu. Selinker ndiye aliyeeleza pia makosa yanayoganda. Tunaye kaka wa mwaka wa tatu, Kiingereza kinamtiririka, presentesheni anazimaliza bila karatasi, lakini "discuss about", badala ya "discuss" peke yake, haimtoki. Kanuni anaijua, hata anakufundisha wewe. Akichangamka tu, hiyo hapo.

Sasa kero. Darasa limejaa kupita kiasi. Ukikaa nyuma, upande wa dirisha, unasikia makonda wakiita Buhongwa kuliko unavyomsikia mwalimu. Zamu za kuongea zinaishia safu mbili za mbele, na hilo ni kosa kubwa, maana asiyefungua mdomo daftari lake litajaa nini? Nimemwambia msimamizi, akaniahidi watagawa makundi. Bado nasubiri.

Cheti wanakiuza shilingi 15,000 zaidi. Achaneni nacho.

Kipindi kinaanza saa kumi na moja jioni, ila viti vya mbele vinaisha mapema, hasa siku ambazo chuoni hakuna vipindi vya mchana. Daftari nunueni stendi. Yale ya mlangoni wameyapandisha bei bila sababu.