Regeneten: kiraka cha kolajeni kwa kano ya bega iliyochanika

Kiraka hiki cha kampuni ya vifaa vya tiba ya Smith+Nephew hakishoni kitu. Wengi hukiulizia wakidhani kitaziba tundu, kumbe ni karatasi laini ya kolajeni (protini inayojenga kano) iliyosafishwa kutoka kano ya kisigino cha ng'ombe, na haina nguvu ya kubeba mzigo. Hulazwa juu ya kano ya supraspinatasi, msuli wa juu ya bega unaosaidia kuinua mkono. Seli na mishipa midogo ya damu hupenya vitundu vyake, nyuzi mpya zikajipanga, nacho kikayeyuka ndani ya miezi 6 hivi. Hubaki tabaka jipya la takriban milimita 2.

Kinafaa zaidi pale kano ilipochanika nusu unene. Ikikatika kabisa, lazima kwanza ishonwe mfupani kwa nanga (vishikizo vidogo vinavyozamishwa mfupani) na nyuzi, kiraka kifuate juu. Katika jaribio moja la Hispania lenye wagonjwa 124, baada ya miezi 12 kano zilizochanika tena zilikuwa asilimia 8.3 kwa waliowekewa, na 25.8 kwa walioshonwa tu. Hata hivyo, maumivu na uwezo wa mkono havikutofautiana, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa hilo kabla ya kulipa.

Kazi huharibikia kwenye maji, yale yanayosukumwa begani kwa pampu wakati wa upasuaji wa kamera. Kikishalowa hulegea, hivyo presha ya pampu ishushwe kabla ya kukiingiza. Bursa, yaani kifuko laini kinachofunika kano, nayo iondolewe hadi kano ionekane nyeupe. Ikibaki, vibanio vitaishika hiyo badala ya kano. Kingo za upande wa kano hushikwa kwa vibanio vinavyoyeyuka, na ukingo wa nje uvuke mahali kano inapoungana na mfupa, ubanwe mfupani. Kikikunjamana huacha uwazi chini yake, na seli hazina pa kupitia.

Wenye mzio wa bidhaa za ng'ombe wasiwekewe. Msuli uliokwisha kugeuka mafuta hakiurudishi. Wanaohofia tishu za wanyama wana sababu: Restore, kiraka cha utumbo wa nguruwe, kilileta uvimbe mkali kwa baadhi ya wagonjwa, na mabaki ya DNA ya nguruwe yalikutwa ndani yake. Usafishaji wa kolajeni ndio tofauti kubwa hapa.

Baada ya upasuaji, bega kukakamaa ndiyo kero ya kuangalia. Aliyewekewa kiraka pekee huanza mazoezi mapema. Aliyeshonwa afuate ratiba ya mshono, kwa kawaida wiki 4 hadi 6 mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, maana kiraka hakiharakishi kano kushikana na mfupa.