Saa iliyonyamaa: sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza wa 24

Nilianza saa tano kamili za usiku, kwa kusudi. Sehemu ya 24 ya msimu wa kwanza wa 24, tamthilia ya televisheni ya Kimarekani, inaanza saa tano na kumalizika saa sita, nami nilitaka saa ya kwenye skrini na saa ya ukutani ya mama ziende pamoja. Ya mama imetegwa kwa hesabu yetu wenyewe: mshale mfupi ulikuwa kwenye tano, skrini imeandika 11:00, na zote mbili zinasema kweli. Langoni, mtaa wetu hapa Lamu, palikuwa kimya, punda wametulia, kusi linavuma. Asubuhi sikuwa na safari ya Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa sababu boti yangu imepwelezwa kutiwa kalafati, kuzibwa nyufa. Kwa hiyo nilikuwa na usiku mzima wangu.

Ambaye hajaiona na anataka kuiona aachie hapa, maana nitasema yote.

Tamthilia hii ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 6 Novemba 2001, na sehemu hii ya mwisho ikatoka tarehe 21 Mei 2002. Sisi imetufikia miaka mingi baadaye, ndani ya sanduku la diski alilonunua mpwa wangu kwa mtu Mombasa. Kila sehemu ni saa moja ya siku, sehemu 24 ni siku nzima, na saa inaonekana ikihesabu kwa nambari za njano na mlio wake. Tumekwenda nayo sehemu moja kila usiku baada ya isha, mimi, mke wangu na mama. Mama ndiye aliyegundua siku ya pili kwamba saa ile inaruka. Inaonyesha dakika ya kumi, giza kidogo, ikirudi ni ya kumi na nne. "Na hizo nyingine wamezipeleka wapi?" Nikamweleza ni nafasi za matangazo ya biashara. Hakuridhika. Tangu siku hiyo kila saa ikiruka anasema, "Haya, wameiba tena."

Jack Bauer, anayeigizwa na Kiefer Sutherland, anafanya kazi katika kitengo cha kupambana na ugaidi mjini Los Angeles. Ni siku ya kura ya mchujo ya urais California, na kuna watu wanataka kumuua Seneta David Palmer. Nyuma ya yote yuko Victor Drazen wa Serbia, ambaye ni Dennis Hopper. Miaka miwili kabla, Jack aliongoza kikosi cha siri kule Kosovo kumuua Drazen. Drazen akapona, mkewe na binti yake wakafa. Sasa yuko gatini Los Angeles na wanawe wamemteka Kim, binti wa Jack. Ukijua hilo unaielewa hasira ya mzee yule hata kama humpendi. Amekuja kulipiza mke na binti kwa mke na binti.

Sasa nifike pale penyewe. Kim anawaponyoka. Drazen hana tena cha kumshikia Jack. Hapo Nina Myers, mwenzake Jack wa kazini, mwanamke aliyekaa naye upande mmoja tangu saa ya kwanza, anampa Jack habari kwa simu: walinzi wa pwani wameopoa mwili wa Kim majini.

Ni uongo. Nina ni wa Drazen. Anataka Jack aje gatini kichwa kikiwa hakipo, auawe. Lakini Jack hajui, na uso wa Sutherland pale ndio uigizaji bora niliouona katika sehemu zote 24. Hapigi kelele. Anasikiliza, anaishiwa nguvu, analia, halafu kinabaki kitu kingine machoni.

Mke wangu alinitazama mimi, si televisheni. Anajua kwa nini.

Mwaka mmoja, kusi kali kama hili, ndugu yangu alichelewa kurudi kutoka Kizingitini. Usiku ikaja simu kwamba kuna mwili umeonekana upande wa Manda. Nilishuka hadi boti, nikawasha injini nikaingia njia ya Mkanda bila taa na bila mtu wa kukaa omo, maji yanakupwa, mahali ambapo hata mchana naenda kwa kupima. Sikumwuliza aliyepiga simu: mwili wa nani, na nani ameuona kwa macho yake? Swali dogo tu. Ndugu yangu alikuwa Faza, injini imemzimikia, amelala kwa jamaa zetu na simu haina chaji. Nilikaribia kuipasua boti yangu juu ya mwamba kwa ajili ya mtu aliyekuwa amelala.

Ndiyo maana sikuona udhaifu wa hadithi pale ambapo mpwa wangu anauona. Yeye anasema, mtu mwenye mafunzo kama Jack angeuliza kwanza. Mimi nasema hapana. Ukiambiwa maji yamemchukua mtu wako, huulizi. Aliyeandika hapo anajua habari ya bahari inavyomfanya mtu, na Nina anajua pia, ndiyo maana alichagua maji wala hakuchagua risasi.

Mapigano yenyewe gatini sikuyapenda hivyo. Mtu mmoja anamaliza kundi zima la wenye silaha, mahali wazi. Mama alisema steringi hafi, akaenda jikoni kuangalia kahawa. Kitu kimoja tu kilinishika: Victor Drazen amekwisha kushindwa, na Jack anaendelea kumpiga risasi, moja baada ya nyingine. Pale si kazi tena. Ni baba.

Halafu anakuja kujua kwamba Kim yu hai, na swali linarudi, safari hii linaulizwa: basi nani alisema amekufa? Walinzi wa pwani hawakuopoa mtu. Kutoka hapo kila kitu kinamwangukia Nina ndani ya dakika chache. Nilisimama. Kweli nilisimama katikati ya chumba nikasema "Ni yeye!" na mke wangu akasema "Kaa, wewe, mama anatazama."

Kuna kasoro, na kwa kuwa naipenda lazima niitaje. Asubuhi ya siku hiyo hiyo, Ira Gaines, mtu wa upande wa Drazen, alimlazimisha Jack ampige Nina risasi, na Nina akapona kwa sababu Jack alikuwa amemvisha fulana ya kuzuia risasi. Kama Nina ni wao, mbona wamtake afe? Unaweza kusema Gaines hakujua. Sawa, lakini hadithi haikujisumbua kutuambia. Na mchana Teri, mke wa Jack, anapoteza kumbukumbu kwa sehemu kadhaa, ni kujaza saa tu. Kim naye ametekwa mara mbili siku moja. Hizo ningezipunguza.

Palmer na mkewe Sherry wanamalizana vizuri. Aligundua kwamba mkewe anapenda Ikulu kuliko anavyompenda yeye, akamwondoa bila kupaza sauti. Dennis Haysbert ana sauti ya imamu.

Saa ikawa inakaribia sita kwenye skrini. Nina amekamatwa kwenye maegesho ya magari, Jack amemwelekezea bastola, George Mason, mkubwa wake wa kazi, anamsihi asifyatue, na hafyatui. Kim yuko salama ofisini, anamwulizia mama yake. Jack anakwenda kumtafuta Teri. Anaita. Chumba hiki hayupo, hiki hayupo. Mama alikuwa amerudi na kahawa, kaishika tu, hajaimimina.

Teri yuko kwenye kiti, amefungwa. Nina alimpiga risasi kabla ya kukimbia. Alikuwa na mimba. Jack anamfungua, anamkumbatia, anamwomba msamaha.

Kisha nambari zikatokea. Zilihesabu hadi saa sita kamili bila sauti. Sehemu zote zilizotangulia zilimalizika na mlio ule, tumeshauzoea hata binti yangu akipiga simu kutoka chuoni Mombasa anautania. Usiku ule haukuwepo. Kilichosikika chumbani ni saa ya ukutani ya mama, tiki, tiki, tiki, ikiwa bado na robo saa na ushei kufika sita, kwa sababu ya zile dakika zilizoibwa.

Mama akasema, "Mbona imenyamaa?"

Hakuna aliyemjibu. Baadaye akasema mwenyewe, "Wamemfanyia matanga."

Kuna tamati nyingine iliyorekodiwa, ambamo Teri anabaki hai, nayo imo ndani ya diski. Niliitazama kesho yake nikiwa peke yangu. Watu wote wako salama, wanakumbatiana. Niliizima kabla haijaisha. Nilimtaka Teri awe hai kwa moyo wote, lakini si namna hiyo, bila mtu kulipa kitu kwa siku kama ile. Mama sikumwambia kwamba ipo.

Msimu wa pili uko juu ya kabati. Mama amesema usifunguliwe mpaka mjukuu wake aje likizo. Usiku ule nilimpigia binti yangu simu saa sita kasoro. Aliitikia kwa usingizi, "Baba, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, lala.