Siku mbili Kitulo kumtafuta mbayuwayu buluu: uzoefu wangu

Mwishoni mwa Januari nilikwenda na wenzangu wanne katika Hifadhi ya Taifa ya Kitulo kumtafuta ndege mmoja tu, mbayuwayu buluu, kwa safari ya siku mbili iliyoandaliwa na kampuni ndogo ya utalii ya hapa Mbeya. Tulilipa Sh350,000 kila mmoja, na kwa maelezo tuliyopewa ofisini kwao fedha hiyo ilijumuisha gari, viingilio vya hifadhi, malazi ya usiku mmoja Matamba, chakula na mwongozaji anayewafahamu ndege wa uwanda ule. Watu kadhaa wameniuliza kama safari ile inastahili bei yake, na jibu langu linategemea ni sehemu gani ya huduma wanayoiulizia.

Gari lilikuwa kero. Tuliahidiwa Land Cruiser itakayotuchukua Uyole saa kumi na moja alfajiri. Ikaja Noah, saa kumi na mbili na nusu. Dereva, kijana mpole ambaye sina lawama naye, alisema hilo ndilo gari alilokabidhiwa. Hadi Isyonje lami ilitubeba vizuri, tukipishana na malori yaliyosheheni lumbesa za viazi, lakini tulipoiacha barabara ya Tukuyu na kuanza kupanda, kwenye vipande vya udongo gari liliteleza kama limekanyaga mlenda, na mara mbili tulishuka kusukuma. Anayeuza safari za Kitulo wakati wa masika anaijua njia ile kuliko mteja wake, kwa hiyo sikubali kwamba lilikuwa jambo la bahati mbaya.

Getini tuliambiwa viingilio vyetu havijalipwa. Fedha taslimu hazipokelewi pale, hivyo ilitubidi tulipe upya kwa simu, na mtandao wenyewe ulipatikana juu ya kichuguu kimoja umbali wa hatua hamsini hivi, ambapo tulisimama kwa zamu tukiinua simu juu. Ilituchukua karibu saa nzima, tena saa ya asubuhi ambayo mtazama ndege hapendi kuipoteza.

Hapo ndipo tulipokutana na mwongozaji wetu, kijana wa Kiwanji kutoka upande wa Matamba, na kuanzia hapo sina malalamiko dhidi ya mtu aliyekuwa mbele yetu. Alitusalimia mmoja mmoja, akawaamkia shikamoo waliomzidi umri, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyetuuliza ofisini: tumekuja kuona maua, au tumekuja kwa ajili ya ndege? Swali lilikuwa na maana, kwa kuwa wengi huja Januari kwa ajili ya okidi na maua mengine ya uwanda huo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu na ambao ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Tulipomtajia mbayuwayu buluu alitazama ukungu uliokuwa ukishuka, akasema leo tutatembea, kesho ndiyo tutaona.

Ndege huyu watu humwita mgeni, nami nimekuwa nikimwita hivyo kwa mazoea. Hufika nyanda zetu za juu karibu na Septemba, hujenga kiota na kulea wakati wa mvua, na ifikapo Aprili huwa amekwisha ondoka kurudi kwenye maeneo yanayozunguka Ziwa Viktoria, Uganda na magharibi mwa Kenya. Kwa hesabu ya kwetu, hata hivyo, mtu aliyezaliwa Kitulo akaenda kutafuta riziki ziwani haitwi mgeni anaporudi nyumbani. Uhaba wake nao una sababu iliyo wazi: anahitaji majani ya milimani yaliyo wazi na yenye ukungu, na majani ya namna hiyo, huku kwetu na kusini mwa Afrika, yamegeuzwa mashamba ya misonobari, chai na mazao mengine. Tulipopita Kikondo viazi na pareto vilikuwa vimepanda mpaka mgongoni mwa vilima. Sikushangaa tena kwamba IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, inamhesabu miongoni mwa ndege walio hatarini.

Siku ya kwanza tulimwona tandawala mmoja, ndege mkubwa wa miguu mirefu, akitembea kwa madaha kama mkaguzi wa shule, na pembezoni mwa msitu chiriku wa Kipengere, ambaye hapatikani nje ya Tanzania. Mchana mwenzetu mmoja alipiga kelele kwamba amemwona mbayuwayu wetu. Mwongozaji aliinua darubini yake, akatabasamu, akatueleza taratibu kwamba yule ni mbayuwayu mwingine, mweusi, mwenye mkia wa panda usio na nyuzi ndefu kama za mbayuwayu buluu. Darubini yake ilikuwa imeingia unyevu upande wa kushoto, kwa hiyo kila alipotazama alifumba jicho moja. Kwa jicho hilo moja alikuwa akituzidi sisi watano.

Kuhusu malazi ya Matamba sina mengi: blanketi zilikuwa mbili na hazikutosha, maji ya kuoga yalichemshwa kwa mkaa, wali na maharage vilikuwa vya moto.

Kesho yake saa kumi na mbili na robo tulikuwa tumeketi kwenye majani yaliyolowa, tukitazama upande wa pili wa bonde dogo lisilo na hata mti mmoja. Mwongozaji alituonyesha doa jeusi kwenye mteremko, shimo la zamani la muhanga, mnyama mchimba mashimo anayekula mchwa. Mbayuwayu tuliowazoea hujenga chini ya paa la nyumba au daraja. Huyu huingia ardhini na kubandika kikombe chake cha tope na majani kwenye dari ya shimo kama hilo. Mwenzetu mwenye kamera alitaka tusogee, na pia akapendekeza tupige sauti ya ndege huyo kwenye simu ili aje upesi. Yule kijana alijibu bila kupandisha sauti, "Mwalimu, tukae hapa hapa. Akituona karibu na shimo hatashuka, na vifaranga watalala njaa. Na hiyo sauti atadhani mwenzake amekuja kumnyang'anya mahali." Kamera ikarudi magotini.

Tulisubiri zaidi ya saa moja. Ukungu ulipofunguka kidogo alitokea dume kutoka kushoto kwetu, chini kabisa, kifua kikikaribia kugusa majani, na nyuma yake nyuzi mbili za mkia zikimfuata kama zimechelewa. Kwa mbali alionekana mweusi tu, lakini alipogeuka na jua likampata rangi yake ikawa ya chuma kilichopashwa moto kikapoa, buluu yenye giza ndani yake. Alizunguka mara tatu juu ya shimo, akazama ndani, akatoka. Baadaye alitua kwenye bua kavu kiasi cha hatua thelathini kutoka tulipo, akaanza kujichambua manyoya, na ubavuni vikachomoza vinyoya vichache vyeupe ambavyo huvioni akiwa anaruka. Jike lilikuja likafanya kazi ileile, nyuzi zake zikiwa fupi. Tuliwatazama kwa dakika ishirini na kitu, hakuna aliyezungumza, kisha ukungu ukafunga bonde.

Tulirudi kwa njia ya Matamba hadi Chimala, tukishuka kona za Hamsini na Saba katika Noah ileile. Bonde la Usangu lilikuwa wazi chini yetu, lakini siwezi kulisifia kwa haki kwa kuwa muda mwingi nilikuwa nimeshika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Kabla ya kuagana nilimuuliza mwongozaji analipwaje. Alisita, kisha akaniambia kwamba kwa siku zote mbili amepewa Sh30,000. Nimekaa na hesabu hiyo tangu siku ile: wateja watano tumetoa zaidi ya milioni moja na nusu, na aliyetufanya tumwone ndege amepata kiasi hicho, tena bila darubini nzima. Kwa hiyo kama ni nyota, mwongozaji nampa tano bila kusita, na kampuni naipa mbili, moja ya chakula na moja ya dereva. Kuhusu viingilio tulivyolipa mara mbili, ofisi ilinijibu kwamba inalishughulikia, na wiki ya nne inakwisha.

Atakayetaka kwenda nashauri aende kati ya Desemba na Februari, akodi gari lenye uwezo wa kupanda tope, avae gambuti, alipie viingilio kabla ya kutoka mjini, na amtafute mwongozaji mwenyeji moja kwa moja ili malipo yamfikie mkononi. Sisi wanne kati ya watano tumekubaliana kurudi Desemba kwa utaratibu huo. Darubini ya sita tumekwisha kuichangia, ipo kabatini kwangu.