TAHADHARI: "Busta" ya kuku inayouzwa kwenye vifuko visivyo na lebo

Wafugaji wenzangu, hasa mnaofuga broila huku Kibaha, kuna muuzaji anapita mabandani na bodaboda akiuza unga wa manjano kwenye vifuko vya nailoni vilivyofungwa fundo. Hauna jina, hauna namba ya usajili, hauna tarehe ya mwisho wa matumizi. Anauita busta, kifuko shilingi 3,000, na anakwambia uweke kijiko kwenye ndoo ya maji kila siku, tangu vifaranga wanaingia hadi siku ya kuuza. Jirani yangu alipombana aseme kilichomo, alikiri ni OTC (oksitetrasaiklini, aina ya antibiotiki) na antibiotiki nyingine mbili, zimechanganywa na vitamini.

Mimi nilikuwa nimeshanunua. Kundi la kwanza lilitoka vizuri, nikamsifia kwa watu, na hilo linaniuma mpaka leo. Kundi la pili, siku ya 18, kuku wakaanza kuzubaa, mabawa yameshuka, wanakoroma wakipumua. Nikawapa OTC ya dukani, yenye lebo. Hakuna nafuu. Nikabadilisha dawa, vilevile. Daktari wa mifugo alipasua wawili, akakuta moyo na ini vimefunikwa utando mweupe, akapeleka sampuli maabara. Jibu likaja: E. coli, bakteria wa utumboni, sugu kwa dawa nne kati ya sita zilizopimwa. Katika kuku 300 nilifukia 112.

Nilimuuliza daktari, usugu umetoka wapi wakati vifaranga ni wapya? Akaniambia niangalie maranda. Utumbo wa kuku umejaa bakteria, na dozi ndogo ya kila siku inaua walio dhaifu, wanabaki wanaoistahimili. Hao hawaishii kuzaana tu. Bakteria mmoja humgusa mwenzake na kumpa nakala ya kipande cha vinasaba kinachoitwa plazimidi, hata kama mwenzake ni wa aina nyingine. Plazimidi moja huweza kubeba usugu wa dawa kadhaa kwa pamoja, ndiyo maana ukitumia OTC peke yake unaweza kujikuta unalea usugu wa dawa ambazo hujawahi kuzigusa. Kisha kinyesi kinaingia kwenye maranda, kuku wanadonoa, wananywa maji yaliyochafuka, na banda zima linapata. Mimi sikubadilisha maranda yote baada ya kundi la kwanza.

Na usugu hauishii kwa kuku. Mwaka 1976 mtafiti Stuart Levy na wenzake wa Marekani walichapisha walichokiona kwenye shamba moja la kuku Massachusetts, baada ya kuanza kulisha chakula chenye tetrasaiklini, jamii ileile ya OTC. Ndani ya wiki moja karibu bakteria wote wa utumbo wa kuku walikuwa sugu. Ndani ya miezi sita, usugu ulionekana zaidi kwenye vinyesi vya watu wa shambani kuliko majirani zao. Nikisoma hayo namfikiria mke wangu, anayefagia banda, na watoto wanaojaza maji. Mbolea yangu pia ilishakwenda kwenye bustani za mchicha.

Muuzaji anadai unga wake unazuia kideri. Ni uongo. Kideri ni ugonjwa wa virusi, antibiotiki haiugusi; kinga yake ni chanjo. Tena dawa ikitolewa hadi siku ya kuuza, mabaki yake yanaliwa na mteja wako, kwa sababu siku za kusubiri kati ya dozi ya mwisho na kuchinja, zilizoandikwa kwenye lebo halali hazikuheshimiwa.

Kama umeshaanza kutumia, acha leo, mwite afisa mifugo, na usihamishie maranda ya zamani kwa vifaranga wapya. Nunua dawa yenye namba ya usajili wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na ukiweza dai kipimo cha maabara kabla ya kubadilisha dawa kwa kubahatisha. Vifuko usivimwage chooni wala mtoni. Mimi ninavyo viwili sijavifungua, Jumatatu navipeleka kwa afisa mifugo wa kata. Mwenye vingine anitafute twende pamoja.